Ukoma Bonde la Kilombero: Kulitambua Doa Lisilo na Hisia na Kuwahi Mcharuko wa Mishipa ya Fahamu

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

Katika Kata ya Mofu, Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba wilayani Kilombero, mvua zinapoanza familia nyingi hufunga nyumba za kijijini na kuhamia mashambani, kwenye madungu, ili kulima na kulinda mpunga hadi mavuno. Huko zahanati iko mbali na njia hujaa maji. Mtu huondoka dunguni kwa sababu ya homa ya mtoto, uchungu wa mjamzito au kuumwa na nyoka. Ni nadra mtu kufunga safari kwa ajili ya doa la mgongoni lisilomuuma wala kumwasha, na hapo ndipo ukoma unapopata muda.

Ukoma ni ugonjwa wa kuambukiza unaosababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium leprae, ambaye hushambulia ngozi, mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi, utando wa ndani ya pua na macho. Siku hizi ni ugonjwa adimu, kiasi kwamba mhudumu wa afya kijana anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kukutana na mgonjwa hata mmoja. Dawa zake zipo, zinatolewa bila malipo, na zinaua vimelea. Kinachowaachia watu vidole vilivyokunjamana na nyayo zenye vidonda ni mcharuko, yaani uvimbe, wekundu na maumivu yanayotokea pale kinga ya mwili inapopambana na vimelea hivyo ndani ya ngozi na mishipa ya fahamu. Mcharuko unaweza kutokea kabla ya matibabu, wakati wa matibabu, na hata baada ya mgonjwa kumaliza dawa. Mshipa uliopoteza kazi yake kwa muda usiozidi miezi 6 una nafasi nzuri ya kurejea ukitibiwa. Baada ya hapo nafasi hiyo hupungua sana.

Makala haya yanaeleza namna mwananchi anavyoweza kuitambua hali hiyo mapema, tiba inayotolewa, na mambo ambayo mgonjwa na familia yake wanapaswa kuyafanya.

Kilombero na ukoma

Bonde la Kilombero lina historia ndefu katika masuala ya tiba. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, iliyokua kutokana na kazi ya wamisionari Wakapuchini, imewahudumia wananchi wa pande zote mbili za mto kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1949 mtafiti kutoka Uswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ndogo ya utafiti ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Jina la mji huo likajulikana duniani kwa malaria na mbu. Ukoma haukupata umaarufu wa namna hiyo, ingawa Nazareti, hapohapo Ifakara, palikuwa mahali pa matunzo kwa watu walioathirika na ugonjwa huo.

Kitaifa, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977. Dawa mchanganyiko, ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizipendekeza mwaka 1981, zilianza kutumika nchini miaka michache baadaye, na mwaka 2006 Tanzania ilifikia kigezo cha WHO cha kuwa na mgonjwa chini ya mmoja kwa kila watu 10,000. Neno lililotumika siku zile lilikuwa kutokomeza, na kwa maoni ya mwandishi neno hilo liliwapotosha wengi, kwani walielewa kuwa ukoma umekwisha. Kigezo kile kilikuwa wastani wa taifa zima, na wastani wa taifa huficha hali ya wilaya. Tanzania ingali katika orodha ya WHO ya nchi 23 zinazopewa kipaumbele katika mapambano dhidi ya ukoma.

Kilombero yenyewe ilikuwa miongoni mwa wilaya tatu za Tanzania, pamoja na Liwale mkoani Lindi na Nanyumbu mkoani Mtwara, zilizochaguliwa kushiriki mpango wa majaribio uliohusisha pia nchi kama India, Indonesia, Myanmar, Nepal na Sri Lanka kuanzia mwaka 2015. Katika mpango huo wanakaya, ndugu na majirani wa wagonjwa walichunguzwa, na wale wasio na dalili wakapewa dozi moja ya rifampisini ili kuwapunguzia uwezekano wa kuugua. Wilaya haichaguliwi kwa kazi kama hiyo pasipo sababu. Wagonjwa wapya walikuwa wakiendelea kupatikana.

Doa lenyewe likoje

Kwa watu wengi dalili ya kwanza ni doa moja au mabaka machache. Kwenye ngozi nyeusi doa huwa na rangi iliyofifia kuliko ngozi inayolizunguka, au huwa na wekundu unaofanana na shaba. Laweza kuwa bapa, laweza kuwa na kingo zilizoinuka. Mara nyingi ni kavu, halitoki jasho, na vinyweleo vyake hupungua. Haliwashi wala haliumi. Linalolitenga na madoa mengine ni kwamba limepoteza hisia: mtu akiguswa hapo hasikii, au anasikia kwa mbali kuliko kwenye ngozi ya kando.

Wapo wagonjwa wasiokuwa na mabaka yanayoonekana wazi. Kwao ngozi ya uso huwa nene na yenye kung'aa, ndewe za masikio huvimba, vinundu visivyouma hujitokeza usoni na mikononi, nyusi hunyonyoka kuanzia upande wa nje, na pua huziba au kutoa damu mara kwa mara. Hawa ndio wenye vimelea vingi zaidi mwilini, na ndio wanaopitwa kwa urahisi, kwa sababu ngozi yao inaweza kuwa bado na hisia na hawana doa moja la kuonyesha. Mtu mzima anayekwenda zahanati kwa mafua yasiyokwisha na masikio yaliyovimba anastahili kuangaliwa mwili mzima.

Dalili nyingine hujificha ndani ya kazi za kila siku. Mama anaepua sufuria kwenye mafiga na kukuta lengelenge kiganjani bila kukumbuka kuungua. Mkulima anafika nyumbani na kandambili moja, ya pili imemvuka njiani na mguu haukumwambia. Mvuvi anashindwa kubana uzi wa wavu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganzi ya vidole viwili vya mwisho vya mkono, mguu unaoburuta ncha wakati wa kutembea, jicho lisilofumba kikamilifu wakati wa kulala, yote hayo ni ishara kwamba mshipa wa fahamu umekwisha kuguswa, hata kama kwenye ngozi hakuna kitu cha kutisha.

Magonjwa yanayofanana nao

Madoa ya ngozi ni mengi katika bonde lenye joto na unyevu kama Kilombero, na mengi kati yake si ukoma. Utangotango huacha madoa meupe meupe kifuani na mabegani, lakini ngozi huwa na hisia zake zote na ukiikwaruza hutoa unga. Choa huwa na umbo la duara na huwasha. Mbalanga huifanya ngozi kuwa nyeupe kabisa, nayo haina ganzi. Ng'ambo ya mto, katika milima ya Mahenge wilayani Ulanga, uko ugonjwa wa usubi, ambao huleta mwasho mkali na baadaye madoadoa kwenye miguu yanayofanana na ngozi ya chui. Kati ya yote hayo swali la kwanza la kujiuliza ni moja: mahali hapo panasikia?

Yapo pia magonjwa ambayo kinga ya mwili hugeukia ngozi na tishu zinazounganisha viungo, kama lupasi. Haya huleta mabaka usoni, maumivu ya maungio, homa za mara kwa mara na uchovu. Mcharuko wa ukoma wenye vinundu, utakaoelezwa hapa chini, unaweza kufanana nayo kiasi cha kumchanganya hata daktari. Mgonjwa anayetibiwa kwa muda mrefu ugonjwa wa maungio bila nafuu, huku akiwa na vinundu vinavyouma vinavyokuja na kuondoka, aulize kama ukoma umefikiriwa. Na yule aliyepimwa na kuonekana hana ukoma asiishie hapo, maana lupasi nayo inahitaji daktari bingwa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa fani hii tangu mwaka 1992, na rufaa kwenda kwa wataalamu hao huanzia katika kituo cha kawaida cha afya.

Uchunguzi unavyofanyika

Uchunguzi wa awali hauhitaji mashine. Mgonjwa huangaliwa mwili mzima kwenye mwanga wa mchana, kwa faragha. Mhudumu humgusa kwa ncha ya pamba iliyosokotwa, kwanza kwenye ngozi nzima mgonjwa akiwa anatazama ili aelewe, kisha mgonjwa hufumba macho na kuonyesha kwa kidole kila anapoguswa. Asipoonyesha, au akionyesha mahali pengine mbali, doa hilo halina hisia. Familia inaweza kufanya hivyo nyumbani kwa ajili ya kujiridhisha kwamba safari ya zahanati inafaa. Haifai kutumia sindano, wala jibu la nyumbani lisichukuliwe kuwa ndilo la mwisho.

Baada ya hapo mhudumu hupapasa mishipa ya fahamu mahali inapopita karibu na ngozi: shingoni chini ya sikio, nyuma ya kiwiko upande wa ndani, upande wa nje wa mguu chini kidogo ya goti, na nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu. Mshipa wenye ukoma huweza kuwa mnene kama kamba na kuuma unapobonyezwa. Mgonjwa huombwa kufumba macho kwa nguvu, kutanua kidole cha mwisho, kusimamisha kidole gumba na kuinua unyayo, huku mhudumu akizuia ili kupima nguvu.

Moja kati ya mambo matatu linatosha kuthibitisha ukoma: doa lililopoteza hisia waziwazi, mshipa wa fahamu ulionenepa pamoja na ganzi au udhaifu katika eneo unalolihudumia, au vimelea kuonekana kwa darubini katika majimaji yaliyochukuliwa kwa mchanjo mdogo, mara nyingi kwenye ndewe la sikio. Zahanati isiyo na uhakika huwasiliana na mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, na mwananchi ana haki ya kuomba hilo lifanyike.

Dawa na muda wake

Tiba ni mchanganyiko wa dawa tatu: rifampisini, klofazimini na daposoni. Kwa mtu mzima, rifampisini miligramu 600 na klofazimini miligramu 300 humezwa mara moja kwa mwezi mbele ya mhudumu. Klofazimini miligramu 50 na daposoni miligramu 100 humezwa nyumbani kila siku. Dawa hufungwa katika pakiti moja ya siku 28. Watoto hupewa kiasi kidogo zaidi. Mwenye baka 1 hadi 5, bila vimelea kuonekana na bila mshipa kuhusika, hutumia pakiti 6. Wengine hutumia pakiti 12. Dawa hizi hutolewa bure duniani kote kupitia WHO, na tangu mwaka 2000 zimekuwa zikitolewa kwa msaada na kampuni ya Novartis. Mgonjwa hapaswi kudaiwa fedha kwa ajili ya pakiti hizo.

Muda mfupi baada ya kuanza dawa mgonjwa huacha kuambukiza. Hakuna sababu ya kumtengea chombo, kitanda wala nyumba. Ukoma huenea kwa njia ya hewa kutoka puani na mdomoni mwa mgonjwa ambaye hajatibiwa, tena kwa kukaa naye karibu kwa muda mrefu, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wana kinga ya asili ya kuuzuia. Haurithiwi. Vimelea vyake hukua polepole mno, hivyo dalili huchukua wastani wa miaka 5 kujitokeza, na wakati mwingine 20 au zaidi. Ndiyo maana wengi hawawezi kukumbuka waliupata wapi, na pengo hilo la kumbukumbu ndilo linalojazwa na habari za kurogwa.

Mgonjwa aambiwe mapema mambo atakayoyaona, la sivyo ataziacha dawa. Siku ya kumeza rifampisini mkojo huwa mwekundu kwa saa kadhaa, si damu. Klofazimini huifanya ngozi kuwa nyeusi zaidi na kavu, hususan kwenye mabaka yenyewe. Rangi hiyo hurejea polepole baada ya matibabu, lakini inachukua miezi mingi, na kwa kijana wa kike au wa kiume anayejali sura yake hilo si jambo dogo. Lisemwe wazi tangu siku ya kwanza. Daposoni yaweza kupunguza damu, na mara chache huleta upele mkali wenye kubambuka ngozi, homa au macho ya manjano katika wiki za mwanzo. Hapo mgonjwa aache dawa na aende kituoni siku hiyohiyo.

Mjamzito na anayenyonyesha hutumia dawa hizi kama kawaida. Mwenye virusi vya UKIMWI hutibiwa ukoma kwa dawa zilezile. Mwenye kifua kikuu pia hueleza hali yake, kwa sababu rifampisini anayomeza kila siku kwa kifua kikuu hushika nafasi ya ile ya kila mwezi.

Mcharuko: dharura ya mishipa ya fahamu

Sehemu hii ndiyo ambayo elimu kwa umma imeigusa kidogo kuliko inavyostahili. Mabango mengi husema ukoma unatibika, nayo yanasema kweli. Hayasemi kwamba mgonjwa aliye katikati ya matibabu, anayemeza dawa zake bila kukosa, anaweza kuamka siku moja mabaka yakiwa yamevimba na kuwa mekundu, mkono unauma na vidole havinyooki. Asipokuwa ameelezwa, ataamini kwamba dawa ndizo zilizomdhuru, au kwamba alikosea kuzikubali. Ataacha dawa na kutafuta tiba kwingine, na katika wiki hizo za kutafuta ndipo mshipa unapokufa.

Mcharuko uko wa aina mbili. Wa kwanza hutokea zaidi katika miezi 6 ya mwanzo ya matibabu, pale kinga ya mwili inapoamka na kuwashambulia bakteria waliofichama. Mabaka ya zamani huinuka, huwa mekundu na moto. Mapya yaweza kujitokeza. Mikono, miguu au uso huvimba. Mshipa ulio karibu hunenepa na kuuma, na nguvu au hisia hupotea ndani ya siku au wiki. Wakati mwingine, na hii ndiyo hatari yake kubwa, mshipa hupoteza kazi kimyakimya bila maumivu yoyote. Kwa hiyo ni lazima nguvu na hisia za mikono, miguu na macho zipimwe kila mgonjwa anapofuata pakiti mpya, hata kama hana lalamiko. Mgonjwa ambaye hakupimwa aombe kupimwa.

Aina ya pili huwapata wenye vimelea vingi. Vinundu vyenye maumivu hujitokeza ghafla usoni, mikononi na miguuni, pamoja na homa, maumivu ya maungio na unyonge. Jicho laweza kuwa jekundu, kuuma na kuogopa mwanga. Korodani zaweza kuvimba. Vinundu hupotea baada ya siku chache, vingine huja, na hali hiyo yaweza kujirudia kwa miaka, hata baada ya vimelea kufa, kwa kuwa mabaki yao huendelea kuichokoza kinga ya mwili. Wanawake wajawazito na waliojifungua karibuni wawe macho zaidi, maana mabadiliko ya kinga katika kipindi hicho huweza kuamsha mcharuko.

Tiba ya mcharuko ni kumpumzisha mgonjwa, kukitegemeza kiungo kilichoathirika, na kumpa prednisoloni. Kwa mtu mzima kiwango cha kuanzia huwa kwa kawaida miligramu 40 kwa siku, kisha hupunguzwa hatua kwa hatua kwa muda wa miezi 3 hadi 6. Dawa za ukoma haziachwi. Zote huenda pamoja. Kabla ya kuanza, mgonjwa huchunguzwa kifua kikuu, kisukari na shinikizo la damu, na hupewa dawa ya minyoo, kwa sababu prednisoloni hushusha kinga na minyoo fulani inaweza kumlemea mtu asiyetibiwa kwanza. Kwa mcharuko wa vinundu unaojirudia, daktari anaweza kuongeza kiwango cha klofazimini au kutumia dawa nyingine. Mojawapo ni thalidomaidi, ambayo haipewi kamwe mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa kuwa humlemaza mtoto tumboni.

Prednisoloni ndiyo inayohitaji onyo kali zaidi. Inafanya kazi haraka. Ndani ya siku chache maumivu hupungua, na mgonjwa anayejisikia vizuri huona hakuna haja ya kuendelea. Akiiacha ghafla mcharuko hurudi, na mwili wake wenyewe waweza kushindwa kuhimili. Mwingine hufanya kinyume: hujinunulia dukani kila anapopata maumivu, mwaka hadi mwaka, bila kupimwa, hadi uso unavimba, sukari inapanda na mifupa inadhoofika. Dawa hii inaokoa mishipa ya fahamu ikisimamiwa, na huduma ya kusimamiwa ipo, kuanzia zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya Ifakara.

Jicho lililo jekundu na linalouma, kiungo kilichopoteza nguvu ghafla, au vinundu vyenye homa kali, visisubiri tarehe ya kliniki.

Mikono na miguu isiyosikia

Kwa yule ambaye hisia zake hazikurejea, vidonda huzuilika. Mguu usiosikia hauharibiwi na ukoma. Unaharibiwa na mwiba, jiwe ndani ya kiatu na kutembea juu ya lengelenge. Kila jioni ni vyema kukagua nyayo, kuloweka miguu katika maji ya kawaida kwa dakika 20 hivi, kusugua taratibu sehemu zilizokakamaa na kupaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya kula yanatosha. Viatu viwe na soli ngumu nje na laini ndani, visiwe na misumari. Buti za mpira zinazotumika shambani humkinga mtu na makapi ya mpunga na konokono, ila zikaguliwe ndani kabla ya kuvaliwa, na zivuliwe na kukaushwa, kwa kuwa unyevu nao huichubua ngozi. Jikoni, sufuria ishikwe kwa kitambaa kinene. Jicho lisilofumba likingwe kwa kofia mchana na kufunikwa kwa kitambaa safi usiku.

Vidole vilivyokunjamana na kope zisizofumba vinaweza kurekebishwa kwa upasuaji katika hospitali zenye wataalamu, kwa sharti kwamba matibabu ya vimelea yamekamilika na mcharuko umetulia.

Familia, majirani na sheria

Mgonjwa mmoja akigundulika, walioishi naye kwa karibu huchunguzwa. Tangu mwaka 2018 mwongozo wa WHO unapendekeza dozi moja ya rifampisini kwa watu wa karibu walio na umri wa miaka 2 na kuendelea, wasio na dalili za ukoma wala kifua kikuu. Utafiti uliofanyika Bangladesh ulionyesha kuwa dozi hiyo ilipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 57 katika miaka 2 ya mwanzo. Mgonjwa huombwa ridhaa kabla ya majirani kufikiwa, na anaweza kukataa jina lake lisitajwe. Mtoto anapokutwa na ukoma, wataalamu huelewa kwamba karibu naye yupo mtu mzima ambaye hajatibiwa, hivyo kumtafuta mtu huyo ni sehemu ya tiba ya mtoto.

Kuhusu lugha, mtu aliyemaliza dawa hana ukoma tena. Kumwita mkoma ni kumpachika jina la ugonjwa aliokwisha kuuacha, na wapo waliobeba jina hilo kwa miaka 30 baada ya kupona. Aliyebaki na ulemavu analindwa na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayokataza kumbagua katika ajira, elimu na huduma.

Kwa wakazi wa Mofu na kata jirani wanaojiandaa kwa msimu, lipo jambo moja la utaratibu. Mwongozo wa tiba unaruhusu mgonjwa anayekwenda mahali pasipofikika kupewa pakiti za zaidi ya mwezi mmoja, akiwa pamoja na ndugu au mtu wa karibu aliyeelezwa namna ya kumsimamia. Ombi hilo lifanywe kabla ya kuhamia dunguni. Huyo ndugu naye aonyeshwe kituoni jinsi ya kugusa kwa pamba, kupima nguvu ya kidole cha mwisho na kuangalia jicho linavyofumba, ili ajue ni siku gani hasa ya kumtoa mgonjwa shambani, mvua ziwe zinanyesha au zimekatika.